Chai ya Saa Nne

Msichana aliyekuwa akigawa vinywaji alisimama mbele yangu na chupa ya soda, akanionyesha kifuniko kwanza, ndipo akaifungua. Hakuna aliyemwagiza kufanya hivyo. Hapa Bujumbura mtoto hukua akijua kwamba chupa hufunguliwa mbele ya macho ya mtu atakayeinywa, na ukimletea mgeni soda iliyokwisha kufunguliwa jikoni, atakushukuru, ataiweka chini, na ataondoka akiwa ameiacha palepale. Tulikuwa uani kwa marehemu, Gihosha, chini ya hema la kukodi, siku ya kuondoa matanga ya Mzee Fideli, mwaka mmoja baada ya kumzika. Kijana mmoja aliyetumwa na wakubwa wa elimu alisoma hotuba. Alisema marehemu alikuwa mkuu wa shule wa mfano, mwenye maono, mshirikishi, mwenye kupanga malengo na kuyafuatilia. Nilitazama viatu vyangu. Nilifanya kazi chini ya mzee yule miaka sita na sikumsikia hata mara moja akitamka neno malengo.

Pembeni yangu alikaa binti mmoja aliyekuwa ameteuliwa kuwa mkuu wa shule ya msingi wiki chache kabla, bado ana ule wasiwasi wa kuangalia simu kila dakika kana kwamba shule itaungua akiwa hayupo. Aliniinamia akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama Zubeda, wanasema ni ye alikufundisha kazi. Alikufundisha nini zaidi?" Nikamjibu, "Kupiga kengele." Akacheka, akadhani namtania. Walipoita jina langu niseme neno, nilisimama nikasema mambo mazuri ambayo kila mtu husema, nikakaa. Tangu siku hiyo nimekuwa na hasira na nafsi yangu, kwa sababu binti yule aliuliza swali la kweli, na mimi nilikuwa na jibu la kweli, nikalimeza.

Sitawachosha na habari za kwetu, nilizaliwa na nani na babu alitoka wapi. Inatosha kujua kwamba mimi ni Mswahili wa mjini, Mwislamu, na kwamba mwaka wa pili wa vita nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minane, nikifundisha darasa la tatu katika shule moja ya Jabe, karibu kabisa na soko, hata harufu ya ndagala, wale dagaa wakavu wa ziwani, ilikuwa inaingia darasani kabla ya wanafunzi. Nilikuwa na kiburi. Nasema hivyo bila kujipendelea wala kujionea. Nilijua Kifaransa kizuri, mwandiko wangu ubaoni ulikuwa wa kupendeza, na mama yangu alikuwa amenilea katika nyumba ambamo mgeni hupewa wa kwanza, hupewa kwa mikono miwili, na mwenye nyumba hula mwisho. Adabu hiyo niliiona kama elimu ya kutosha kuongoza nchi nzima, seuze shule.

Mzee Fideli, mkuu wetu, ambaye sote tulimwita Direkteri, aliniita ofisini mwanzoni mwa mwaka ule wa shule. Ofisi yake ilikuwa nusu ya chumba. Nusu nyingine ilikuwa chumba cha walimu, na kati yake palikuwa na ukuta wa mbao nyembamba ambao haukuzuia hata mtu kukohoa. Kioo cha dirisha kilikuwa kimepasuka, kimeshikwa kwa gundi ya karatasi iliyopita katikati kama msalaba. Alikuwa mtu mnene, mwenye sukari, anayetembea polepole. Aliniambia bila kunikaribisha kiti, "Zubeda, mi nitaondoka siku moja, na ni we utashika hii masomo. Umekubali ao umekataa?" Nilimuuliza kwa nini shule anikabidhi mimi, wakati wapo walimu wenye miaka mingi kunizidi. "Gaspari nikimuchagua, upande moja watasema. Yuliana nikimuchagua, upande ingine watasema. We uko mutu wa katikati." Hapakuwa na haja ya kufafanua. Mwaka ule kila mtu mjini alikuwa wa upande fulani, na mitaa ilikuwa imeanza kujichuja, familia zikihama na magodoro kichwani kwenda kwa wenzao. Sisi Waswahili tulijiona hatumo. Nilifurahi mno kuwa mtu wa katikati, nikadhani ni sifa yangu.

Mafunzo yalianza, na yaliniudhi. Mwezi wa kwanza Direkteri alinipa kengele, yaani rimu ya gurudumu la lori iliyoning'inia kwenye mti wa uani, na chuma cha kuigongea. Kila siku nigonge mimi, si Nyandwi mhudumu wetu. Nikigonga kwa haraka alitoka ofisini akichechemea. "Umegonga na hasira. Watoto watafikiri kuna kitu. Gonga tena." Mwaka ule watoto walikuwa wakisikia kishindo chochote wanaingia chini ya madawati, na ndiyo maana alitaka mlio uleule, kwa mwendo uleule, siku zote, hata kama kichwa chako kinawaka moto. Mwezi wa pili alinituma nikae dawati la mwisho katika kila darasa, bila daftari wala kalamu, siku nzima. Nilipomuuliza niandike nini, alisema nisiandike kitu, niangalie tu mwalimu anaangalia dirisha mara ngapi. Mwezi wa tatu alinisimamisha getini kuwaamkia watoto mmoja mmoja kwa jina, na ole wangu nisipojua ni yupi hakuja.

Katikati ya hayo nilipelekwa semina. Tulikuwa kama thelathini, wakuu wa shule na watarajiwa, katika ukumbi mjini, siku tatu. Mwezeshaji alibandika karatasi kubwa ukutani yenye sifa kumi za mkuu bora wa shule, nikazinakili zote kwa rangi mbili. Siku ya pili mzee mmoja kutoka shule ya pembeni mwa mji alinyoosha mkono akauliza, risasi zikilia na watoto wako darasani, mkuu afanye nini, awaachie au awafungie? Mwezeshaji alipekua makaratasi yake kwa heshima, akasema hiyo imo katika sehemu ya pili, na sehemu ya pili bado haijafika. Mzee akasema asante, akakaa. Niliporudi shuleni nilimwonyesha Direkteri daftari langu. Alisoma sifa zote kumi, akitingisha kichwa kwa kukubali, akanirudishia. "Ni nzuri kabisa," alisema. "Twende kukunywa chai."

Ile chai ya saa nne ndiyo ninayotaka kuisimulia. Kila siku ya masomo, saa nne kamili, Nyandwi alileta birika kubwa jeusi kwa masizi, chai ya rangi iliyochemshwa pamoja na sukari yake, na walimu wote tulikaa kuzunguka meza moja. Vikombe vya bati vilikuwa vinane, vimetundikwa kwenye misumari: saba vyetu, kimoja chake. Direkteri alimimina mwenyewe. Na kila alipojaza kikombe, kabla hajakupa, alikigusisha midomoni akanywa funda dogo, ndipo akakusogezea. Hivyo hivyo vikombe vyote saba. Mimi nilichukia kitendo hicho kuliko ninavyoweza kueleza. Nilijua kwamba watu wa nchi yetu wakikaribishana pombe, anayetoa huonja kwanza, lakini hayo nilidhani ni mambo ya pombe, na pombe haikuingia kwetu. Hii ilikuwa chai, na yeye mgonjwa wa sukari aliyekatazwa na daktari. Nilidhani ni ulafi. Nilidhani mzee wa watu ameshindwa kujizuia, anajiibia utamu kwenye vikombe vya wenzake. Kila siku nilipokea changu kwa tabasamu, nikakiweka mapajani, nikapangusa ukingo kwa ncha ya mtandio.

Pale mezani nyuso zilibadilika. Getini walimu walipita bila kutazamana, kila mmoja akiwa amelala na habari za usiku wa mtaani kwake, fulani kachomewa, fulani hajaonekana. Lakini kufikia kikombe cha katikati mtu mmoja alikuwa ameshasema neno kuhusu mvua, mwingine kuhusu bei ya maharage. Gaspari, mwalimu wa darasa la sita, mrefu, mwembamba, aliyekuwa akiandaa watoto kwa mtihani wa taifa na hata kuuota usiku, alikuwa na desturi ya kusoma kwa sauti majibu ya ajabu ya wanafunzi wake. Yuliana wa darasa la kwanza alicheka mpaka akafuta machozi. Hao wawili walikuwa wa pande mbili tofauti na ndugu zao walikuwa wakiuana. Walicheka pamoja kwa robo saa, kisha wakarudi madarasani. Mimi niliona robo saa ya uvivu.

Mguu wa Direkteri ulianza na kidonda kidogo cha kidoleni, wiki chache kabla ya Ramadhani. Aliendelea kuja na kandambili. Kisha hakuja. Wakamkata chini ya goti, na watoto wake wakamhamishia kwao Gihosha, na barua ikaja kwamba mimi nimekuwa mkuu wa muda, kuanzia Jumatatu. Jumamosi nilikwenda dukani kwa mjomba, mtaa wa Asiatique, nikamwambia nataka majani mazuri, iliki na tangawizi, kwa sababu walimu wangu sita siku ya kwanza lazima wanywe chai ya kweli. Mjomba alifunga vitu vyote kwenye karatasi na hakutaka nilipe. Ilikuwa siku ya nne ya mfungo.

Jumatatu ile nilivaa kitenge kipya. Nilisimama jikoni na Nyandwi kuhakikisha iliki imetwangwa vizuri. Saa nne nilimimina vikombe sita, nikampelekea kila mwalimu chake kwa mikono miwili, kama nilivyolelewa, kisha nikasimama nyuma, nikafumbata mikono, nikasema, "Karibuni. Mi nimefunga." Chumba kizima kilinukia kama harusi ya kwetu. Hakuna aliyenyoosha mkono. Yuliana alitazama kikombe chake, kisha akanitazama.

"Madamu, we hunywe?"

"Mi niko na funga, Yuliana. Ni Ramadhani."

"Aa. Ni kweli."

Gaspari alikizungusha kikombe taratibu kwa kidole, mkono wake ukibaki mezani. Mwingine alisema ana tumbo. Mwingine akasema chai ni ya moto sana, angoje kidogo. Wakangoja. Nilisikia watoto wakicheza uani, nikaona mvuke ukipungua, ukaisha, na utando mwembamba ukatanda juu ya vikombe sita. Mpaka leo naweza kuwaambia kila mmoja alikuwa amekaa vipi. Kisha wakanyanyuka kwa adabu, mmoja mmoja, "Asante, Madamu," wakatoka kabla kengele haijalia. Niliingia ofisini, na kupitia ukuta ule wa mbao nikasikia wawili waliorudi kuchukua chaki. "Iliki hii yote ya nini?" alisema mmoja. "Ya kuficha arufu," alijibu mwenzake. Mara nikasikia, "Nyamaza, Madamu iko mule."

Ingekuwa ni mtu mwenye akili, angekaa chini akafikiri. Mjini pote watu walikuwa wakinong'ona habari za sumu: mwalimu wa shule fulani kanywa soda kwa jirani akafa kabla ya jioni, mke wa fulani kapewa uji. Mimi nilizijua habari hizo. Lakini nilikuwa nimeumia. Mimi, mtoto wa nyumba ile, nimwekee mtu sumu? Niliona wamenikataa kwa kuwa ni mwanamke, kwa kuwa ni kijana, kwa kuwa ni Mwislamu, sababu yoyote ile iliyonifanya mimi niwe mwenye haki na wao wakosaji. Nikamwambia Nyandwi, "Kesho apana chai. Wameikataa wenyewe." Na kesho yake, Jumanne, saa nne, niligonga ile rimu kwa hasira, kila mwalimu akabaki darasani kwake na mlango umefungwa.

Jumanne hiyo saa sita, watoto walipotoka, Gaspari aliingia ofisini akaurudisha mlango nyuma yake. Alikuwa na mkoba begani na chaki kwenye mikono ya shati.

"Madamu, nataka nikuulize kitu. Usikasirike."

"Uliza."

"Kuna mutu alikuja hapa kuuliza juu yangu? Mutu yeyote. Niambie ukweli tu."

Sikujua kwamba Jumapili alikuta karatasi ya vitisho imepenyezwa chini ya mlango wake. Hakuniambia, na sikumpa nafasi ya kuniambia. Jibu lilikuwa rahisi: hapana, hakuna aliyekuja. Neno moja. Badala yake nilisema, "Bwana Gaspari, kama munaniona mi ni mutu wa kuua watu, mi siko na jibu."

"Sijasema vile, Madamu."

"Jana mulisema. Vikombe sita vilisema."

Aliushusha mkoba begani, akaurudisha tena. Nadhani alikuwa ananipa nafasi. Kisha akasema, "Bon. Sawa, Madamu," akafungua mlango kwa upole, kama mtu anayetoka chumba cha mgonjwa.

Jumatano hakuja. Juu ya meza yake nilikuta madaftari ya darasa zima la sita yamepangwa, yamesahihishwa yote kwa kalamu nyekundu, hata yale ya watoto ambao hawakuwa wameonekana tangu Krismasi. Ufunguo wa kabati ulikuwa juu yake. Nilisimama nao mkononi na kwa mara ya kwanza niliogopa. Nikakaa na darasa lake mpaka saa sita, kisha nikapanda Gihosha kwa miguu, na saumu yangu, mlima mzima, nikipita watu wenye vifurushi ambao hawakujibu salamu.

Mzee Fideli alikuwa kitandani katika chumba cha mbele, shuka imelala bapa pale ulipokuwa mguu, redio ndogo sikioni. Mkewe alikuwa amemletea chai isiyo na sukari, naye ameinunia. Aliniambia nisimulie kila kitu, nisiruke. Nilisimulia kwa machungu, nikiwalaumu walimu mmoja mmoja. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nani alianza kukunywa?" aliuliza.

"Hakuna aliyekunywa, Muzee. Ndio nakuambia."

"Sijauliza wao. Nani alianza?"

"Mi nilikuwa nimefunga."

Akafumba macho. "Na iliki uliweka?"

"Niliweka."

Alicheka kidogo. Ndipo nikaelewa. Sikuelewa taratibu, nilielewa kwa mara moja, mwili mzima, nikakaa chini sakafuni karibu na kitanda. Vikombe saba, kila siku, mbele ya macho ya kila mmoja wao. Nikasema, "Muzee, we uko na sukari."

"Nilikuwa naonja kidogo tu. Ni midomo."

"Vikombe saba! Kila siku ya Mungu!"

"Sasa nani angeonja? Mwenye kutoa ndiye anakunywa." Alivuta shuka kufunika pale pasipo na kitu. Baadaye daktari aliniambia mguu ule haukuondoka kwa sababu ya chai peke yake, na ninamwamini, lakini haijanisaidia.

"Kwa nini hukunifundisha? Ulinifundisha kengele, ulinifundisha mulango, hii ukaniachia?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Nilifikiri umeona. Kila siku ulikuwa unapangusa kikombe na mutandio. Nikasema, huyu ameona."

Hakuniambia nifanye nini. Hilo nataka lieleweke, kwa sababu wapo watakaosema alinipoteza. Nilipokuwa navaa viatu mlangoni alisema, "Zubeda, funga yako iko kati yako na Mungu, mi siingie mule. Wanajua umefunga, Jabe nzima inajua. Lakini mutu mwenye woga, kujua hakumusaidie. Mi nakuambia tu kitu wanangojea." Niliteremka mlima nikitembea haraka ili nifike kwa futari. Nyumbani, mbele ya tende na uji, nilimweleza mama. Alimaliza kwanza bakuli lake la uji. Kisha akasema, "Siku moja inalipwa, mwanangu," akanyanyuka kwenda kuswali.

Alhamisi nilipita darasa kwa darasa, nikawaomba waje mezani, nikiwaita kwa majina kama Direkteri alivyonifundisha kuwaita watoto. Walikuja watano. Chai ilikuwa ya Nyandwi, ya rangi, haina iliki wala tangawizi. Nilimimina cha kwanza, nikakiinua, nikanywa. Sijanywa kitu kitamu namna ile katika maisha yangu, na sijanywa kitu kichungu zaidi. Nikampa Yuliana. Nikamimina cha pili, nikanywa, nikakitoa; cha tatu; cha nne; cha tano. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa na kazi. Mkono ukajaza na cha sita, kwa mazoea, nikakionja, nikakiweka mahali pa Gaspari. Wakanywa wote, na hakuna hata mmoja aliyepangusa ukingo. Baada ya muda mmoja wao alisema mvua ya mwaka huu itaozesha maharage.

Walipotoka, Yuliana alibaki. "Kesho mi nitaonja," alisema. "Jumatatu mwengine wa ule upande. Madamu utafunga." Na ndivyo tulivyofanya Ramadhani ile yote, na zote zilizofuata, kwa miaka yote niliyoongoza shule ile, na haikufungwa hata wiki moja kwa walimu kuogopana. Wakubwa walikuja kuuliza siri yetu, nikawapa zile sifa kumi, zikiwa na rangi mbili. Kikombe cha sita kilipoa. Nyandwi alikimwaga uani saa sita, akakisuuza, akakitundika.

Jumapili Yuliana alikuja kwetu. Mama alimfungulia, na kabla hajaketi alikuwa analia. Basi la kwenda bara la siku ya Ijumaa lilitegewa njiani na wenye silaha, hakupona mtu. Gaspari alikuwamo, alikuwa anarudi kwao, kijijini, kwa sababu mjini hapakuwa tena na mahali alipohisi anaaminika wala pa kumwamini mtu. "Aliniuliza ile Jumatatu," Yuliana alisema, "ananiuliza kimyakimya, ye mbona hanywe? Nilikuwa najua ni Ramadhani, Madamu. Nilijua kabisa. Lakini nami nilikuwa naogopa, nikamujibu, sijui." Tulikaa kwenye mkeka, mimi na yeye, tukiwa tumeshikana mikono, wawili tuliokuwa na neno moja moja la kumpa mtu yule na tukamnyima.

Nilipompelekea Mzee Fideli habari, alisema, "Angeenda tu, mwanangu." Alilirudia mara nyingi katika miaka iliyofuata, kila aliponiona nimenyamaza. Huenda ni kweli. Ile karatasi chini ya mlango ilikuwapo, na si mimi niliyeiandika. Lakini nakumbuka aliingia ofisini mwangu na mkoba begani na akauliza, na mtu aliyekwisha kukata shauri la kuondoka haulizi.

Binti yule wa kwenye matanga nimempigia simu. Anakuja kwangu Jumamosi, saa nne. Nitampikia chai ya rangi, nitaonja kikombe chake mbele yake, na akishangaa nitamsimulia haya yote kama nilivyowasimulia ninyi, pamoja na madaftari yale yenye wino mwekundu. Alhamisi ile niliilipa mwezi uliofuata, nikafunga siku moja ya mvua, haikuwa hata na kiu. Jumatatu ile ambayo sikunywa sijaona mwezi wa kuilipia.